Orodha za Mada au Nyota: Njia Ipi Ikufae Kupanga Nyimbo Zako?

Mwenye nyimbo 200 kwenye simu yake anazijua zote kwa majina na hahitaji mpango wowote. Taabu huanza zinapofika 2,000 au 3,000, zilizokusanywa kwa miaka mingi kutoka kwenye flashi za marafiki, CD zilizonakiliwa, na vibanda vya katikati ya Kampala ambako kijana mwenye kompyuta hukujazia kadi ya simu huku ukisubiri umesimama. Hapo ndipo mtu hujikuta akisikiliza nyimbo zilezile 30 kila siku, na nyingine zote zimelala kwenye diski kama nguo za sikukuu zilizosahaulika sandukuni.

Njia mbili ndizo zinazotumiwa zaidi kuufufua mkusanyiko wa namna hiyo. Ya kwanza ni kuunda orodha za mada: nyimbo za safari, za harusi, za usiku, za kazi. Ya pili ni kuupa kila wimbo alama, ambayo kwa kawaida huwa nyota 1 hadi 5, kisha kuiacha programu ikuchagulie kwa kufuata alama hizo. Nimeishi na njia zote mbili hapa Jinja kwa zaidi ya miaka 10, kwanza kama msikilizaji tu, baadaye kama mtu ambaye ndugu na majirani humwita awapigie muziki kwenye shughuli zao, na maoni nitakayoyatoa yametokana na hali hizo mbili. Mtu akiwa na muda wa kutosha anaweza kuzitumia zote, kwa kuwa kila moja hujibu swali lake. Wengi wetu tuna jioni chache tu za kufanya kazi hii, kwa hiyo lazima tuchague pa kuanzia.

Swali ambalo kila njia hujibu

Orodha ya mada hujibu swali la "lini": wimbo huu upigwe wakati gani, mbele ya nani, na baada ya wimbo upi. Nyota hujibu swali la "kiasi gani": wimbo huu ninaupenda kiasi gani ukilinganishwa na nyingine nilizo nazo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku utakapochukua jibu la swali moja ukalitumia kwa swali la pili.

Mimi nilifanya hivyo kwenye kwanjula moja, ile sherehe ya Waganda ambapo kijana anayetaka kuoa hutambulishwa rasmi kwa wazazi wa binti. Sikuwa nimeandaa orodha ya shughuli hiyo, nikaiagiza programu ipige nyimbo zangu zote za nyota 5. Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Wageni walipoanza kuingia kwa mstari, wanawake wakiwa wamebeba vikapu na wanaume wamevaa kanzu zao, ukaanza wimbo wa kadongo kamu, gita peke yake na sauti ya mtu anayesimulia jinsi yatima alivyonyang'anywa shamba la marehemu baba yake. Mzee mmoja wa upande wa binti alinijia hadi kwenye meza ya mitambo, akainama na kuniuliza kwa upole: "Mwanangu, tunapokea wageni au tunazika?" Wimbo ule ulistahili nyota zake 5, na bado unazo, kilichokosekana ni alama yoyote ya kuniambia kwamba haupigwi mbele ya wakwe.

Kosa la upande wa pili nililifanya polepole zaidi. Nilikuwa na orodha niliyoiita "Njia ya Kampala", ikiwa na nyimbo 40 zinazotosha kwa takriban saa 3 za kutoka Jinja, kupita msitu wa Mabira, hadi kwenye foleni za kuingia mjini. Kuongeza wimbo kwenye orodha ni kazi ya kugusa mara moja, ilhali kuuondoa kunahitaji uamuzi, na uamuzi mtu huuahirisha. Baada ya miaka 2 orodha ilikuwa na nyimbo 380. Zote zilifaa kwa safari kwa maana ya mdundo wake, lakini nyingi zilikuwa za kawaida tu, na nikawa naendesha huku kidole kikiruka wimbo baada ya wimbo, jambo ambalo halina usalama kwenye barabara ile yenye malori ya miwa. Orodha haikuwa na njia ya kuniambia zipi kati ya hizo 380 zina thamani. Nyota ndizo zilizokuja kuisafisha.

Muziki wetu na ugumu wa kuupa mada

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu orodha za mada huchukulia kwamba wimbo una dakika 3 au 4 na hali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Anayesikiliza rumba ya Kongo anajua kwamba sivyo. Wimbo huanza taratibu, mwimbaji akibembeleza, kisha baada ya dakika kadhaa magita yanashika usukani, kasi inabadilika na sebene inaingia. Waliokuwa wameketi wanainuka. Je, wimbo huo uwekwe kwenye orodha ya "Utulivu" au ya "Kucheza"? Nimeona watu wakiuweka kwenye zote mbili, na matokeo yake ni kwamba wazee wanaokula wanashtuliwa na sebene katikati ya chakula, na vijana waliokwisha simama ukumbini wanangojeshwa dakika 4 kabla ya kupata walichokuja kukifuata.

Wapo wanaoukata wimbo vipande viwili kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ambayo ni ya bure, na kipande cha sebene wakakipa jina lake. Mimi binafsi ukataji huo unaniumiza masikio, ingawa nakiri kwamba kwa shughuli za watu nimewahi kuufanya. Suluhisho ninalolipendelea ni kuutumia wimbo wa namna hiyo kama daraja: unakuwa wa mwisho kwenye orodha ya utulivu, ili ukianza watu bado wanakula, na ukimalizika tayari wanacheza. Hapa ndipo orodha inapoishinda nyota bila ubishi, kwa sababu orodha ina mpangilio wa mbele na nyuma, na nyota haina. Nyota 4 ni nyota 4 popote ulipo wimbo. Haiwezi kusema "huu uje baada ya ule".

Kuna jambo la pili, nalo ni lugha. Mkusanyiko wa kawaida wa Uganda una Kiganda, Kiswahili, Kilingala, Kiingereza, na kutegemea mwenyewe anatoka wapi, Kiacholi au Kinyankole pia. Wengi wetu tunaimba pamoja na nyimbo za Kilingala ambazo maneno yake hatuyaelewi hata nusu. Anayepanga mada kwa maana ya maneno, yaani mapenzi, msiba, dini, siasa, atakwama hapo, au atakisia kwa kusikiliza sauti na kukosea vibaya, maana sauti tamu inaweza kubeba maneno ya matusi au ya maombolezo. Kwa nyimbo za lugha nisizozijua nimejifunza kumtafuta mwenye lugha, nimpigie kwa dakika moja, na kumwuliza swali moja tu: "Huu unaweza kupigwa mbele ya mkwe wako?" Kicheko chake au ukimya wake hunitosha. Nyota haina shida hiyo, kwa sababu sikio halihitaji mkalimani ili kujua linachokipenda.

Kuhusu urefu nitasema kwa ufupi. Kadongo kamu husimulia kisa, na kisa hakiharakishwi. Taarabu nayo mara nyingi hupita dakika 10. Nyimbo 15 za kisasa za Kampala humalizika kwa saa 1 hivi, lakini nyimbo 15 za taarabu zinaweza kuzidi saa 2. Basi unapoandaa orodha ya shughuli usihesabu nyimbo, tazama jumla ya muda ambayo programu nyingi huionyesha chini ya orodha.

Alama yako inakaa wapi?

Hili ndilo swali ambalo watu hawaliulizi mapema, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko idadi ya nyota au ubunifu wa mada. Unapobofya nyota ya 4, alama hiyo inaandikwa mahali fulani, na mahali hapo ndipo panapoamua kama kazi yako itadumu.

Faili la MP3 hubeba ndani yake sehemu ya maelezo inayoitwa ID3. Toleo la kwanza, la mwaka 1996, lilikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili, na lilitenga herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii na 30 kwa albamu. Ndiyo maana mafaili ya zamani huwa na majina yaliyokatika katikati ya neno. Halikuwa na nafasi ya nyota. Toleo la pili, lililoanza mwaka 1998, ndilo lililoleta sehemu iitwayo POPM, ambamo kiwango cha kupendwa huandikwa kama nambari ya hadi 255 pamoja na utambulisho wa aliyeandika. Windows, kwa mfano, ukiipa faili nyota 1 hadi 5 kwenye dirisha la sifa za faili, huandika 1, 64, 128, 196 au 255, tena kwa utambulisho wa Windows Media Player. Programu nyingine inaweza kutafuta utambulisho wake yenyewe, isiuone, na ikakuonyesha kwamba wimbo hauna alama kabisa.

Kisha zipo programu zisizoandika chochote ndani ya faili. iTunes huweka nyota kwenye maktaba yake yenyewe, kwa kipimo cha 100 ambapo kila nyota ni 20, na faili la wimbo hubaki kama lilivyokuwa. foobar2000 nayo, kwa kawaida, huhifadhi takwimu hizo kwenye hifadhidata yake mpaka uiambie vinginevyo. MusicBee, ambayo ni ya bure kwa wenye Windows, inaweza kuandika alama ndani ya faili lenyewe, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza upya leo.

Ninayasema haya kwa uchungu kidogo. Kompyuta yangu ya zamani ilipokufa, nyimbo zenyewe zilikuwa salama kwenye diski ya nje. Nyota nilizozibandika kwa miaka 3 zilikuwa ndani ya hifadhidata ya programu niliyoitumia wakati ule, kwenye kompyuta ileile, na fundi aliponirudishia mashine ikiwa na diski mpya, zilikuwa zimekwenda zote.

Orodha nilizokuwa nimezihifadhi kama mafaili ya M3U zilinusurika, ingawa si bila majeraha. M3U ni faili la maandishi matupu; ukilifungua kwa programu ya kuandikia maandishi unaona kila wimbo kwenye mstari wake, hivi:

#EXTM3U
D:\Muziki\Rumba\014.mp3
D:\Muziki\Taarabu\007.mp3

Kwenye kompyuta mpya diski ilikuwa E badala ya D, kwa hiyo hakuna wimbo hata mmoja uliopatikana. Nilifungua faili, nikatumia amri ya kutafuta na kubadilisha, nikaifuta "D:\Muziki\" kwenye mistari yote, nikalihifadhi faili ndani ya folda ileile ya Muziki, na orodha ikaamka. Kwa orodha ya nyimbo 380 kazi hiyo ilichukua dakika 2. Njia ikianzia palipo na orodha yenyewe, bila kutaja diski, unaweza kuihamisha folda nzima popote. Kwa simu ya Android nililazimika pia kubadilisha mkwaju wa Windows, unaolalia nyuma, uwe ule unaolalia mbele. Tahadhari moja zaidi: nyimbo za Kongo huwa na majina ya Kifaransa yenye alama juu ya herufi, na M3U ya kawaida inaweza kuzivuruga, ukihifadhi kama M3U8, ambayo hutumia UTF-8, majina hubaki salama.

Kwa kipimo cha kudumu, basi, orodha iliyoandikwa kama maandishi ni salama kuliko nyota iliyofungiwa ndani ya programu, lakini nyota iliyoandikwa ndani ya faili ni salama kuliko zote mbili, kwa kuwa inasafiri na wimbo hata ukibadilisha folda na jina la faili.

Kwenye gari na kwenye kadi ya simu

Redio nyingi za magari tunayoyatumia husoma flashi, lakini hazisomi M3U wala nyota. Zinachokijua ni folda. Anayetaka mada zake ndani ya gari hana budi kuzigeuza kuwa folda na kunakili nyimbo humo. Hapo gharama yake inaonekana. Wimbo wa dakika 4 kwa kiwango cha 128 kbps una takriban MB 4. Ukiuweka kwenye folda 4 za mada umetumia MB 16, ilhali kwenye M3U kila kutajwa kwake ni mstari mmoja wa maandishi, na orodha nzima ya nyimbo 100 kwa kawaida haifiki KB 10. Redio nyingi pia hupiga nyimbo kwa mfuatano ule zilivyonakiliwa kwenye flashi bila kujali alfabeti, kwa hiyo zinakili kwa utaratibu unaoutaka, na anza majina ya mafaili kwa 001, 002 na kuendelea.

Nyota kwenye gari hazionekani, lakini kazi yake unaifanya kabla ya kuondoka nyumbani. Kadi ya GB 32 hubeba zaidi ya nyimbo 7,000 za kiwango nilichokitaja, na simu nyingi zinakuwa zimeshajaa picha na video kabla ya nyimbo. Anayelazimika kuchagua nyimbo 800 kati ya 5,000 za kuingiza kwenye simu atafanya kazi hiyo kwa dakika 5 akiwa na nyota, na kwa siku nzima akiwa nazo mada peke yake.

Gharama ya muda

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukiupa kila wimbo sekunde 15 za kusikiliza na kuamua, nyimbo 3,000 zitakula sekunde 45,000, yaani saa 12 na nusu, bila chai. Zaidi ya hapo, faida ya nyota huchelewa: mpaka uwe umepitia sehemu kubwa ya mkusanyiko, programu itakuwa inakuchagulia kutoka kwenye wachache waliobahatika kupimwa. Orodha moja nzuri ya mada huchukua saa 1 na unaitumia jioni ileile. Mwenye sherehe Jumamosi asianze kubandika nyota Alhamisi.

Ushauri wangu kwa anayechagua nyota ni kwamba asikae chini kuzibandika kama mtihani. Azibandike anaposikiliza, wimbo ukiwa unapigwa, na asibandike kwa kukumbuka tu, kwa sababu kumbukumbu huupa wimbo alama ya siku tulizoupendea. Niliwahi kupima nyimbo 200 usiku mmoja umeme ulipokatika, kompyuta ikitumia betri. Asubuhi nilizipitia 20 kati ya hizo na 9 nilizishusha daraja. Giza linaupendelea muziki.

Nyota ngapi, na zina maana gani?

Udhaifu mkubwa wa nyota ni kwamba zinahama. Nyota 3 niliyoitoa miaka 6 iliyopita si nyota 3 ninayoitoa leo. Isitoshe, mtu hahifadhi nyimbo asizozipenda, kwa hiyo karibu kila kitu hujazana kwenye 3 na 4, na kipimo kisichotenganisha hakisaidii. Dawa niliyoipata ni kuipa kila nyota kazi badala ya hisia. Nyota 1 ni wimbo wa kufutwa mwisho wa mwezi. Nyota 2 unabaki kwenye diski tu. Nyota 3 unaingia kwenye simu. Nyota 4 naweza kumpigia mgeni. Nyota 5 ni wimbo ambao sijawahi kuuruka. Swali likiwa la kazi, jibu hupatikana haraka, na mwakani litakuwa lilelile.

Anayeona hizo ni nyingi atumie ngazi 3, na sitamlaumu. Nyumba yenye wasikilizaji kadhaa kwenye kompyuta moja, hata hivyo, isijaribu nyota kabisa kabla ya kukubaliana nani ana haki ya kuzibandika. Kwangu binti yangu alipandisha wimbo mmoja wa katuni hadi nyota 5, nao ulinitokea kwenye gari nikiwa na abiria wa heshima. Orodha za mada hazina ugomvi huo: kila mtu ana yake, na jina lake juu.

Kwa wanaosikiliza mtandaoni

Spotify ilipoingia Uganda mwezi Februari 2021, wengi walihamia huko, na huko uamuzi umeshafanywa kwa niaba yako: hakuna nyota, kuna alama moja ya kuhifadhi wimbo, na orodha. YouTube Music ina kidole juu na kidole chini. Kwa huduma hizo, orodha za mada ndiyo njia pekee ya kupanga kwa uangalifu, na ukitaka daraja itakubidi uzitengeneze kwa orodha, kwa mfano moja ya "Bora" na moja ya "Zinazofaa". Kumbuka tu kwamba wimbo unaweza kuondolewa na wenye haki nao ukapotea kwenye orodha yako, na kwamba huwezi kuuhamishia kwenye flashi ya gari. Rekodi nyingi za zamani ninazozithamini zipo kwenye diski yangu na si kwingineko, kwa hiyo huduma hizo ninazitumia kuonja tu.

Uchague ipi

Ikiwa unawapigia watu wengine, iwe kwenye kwanjula, kuhingira huko Ankole, Idi, au ibada ya shukrani, anza na orodha za mada na usifikirie nyota mpaka uwe na orodha 5 unazoziamini. Hadhira haijali unachokipenda. Inajali kinachoifaa saa ile. Ikiwa unajipigia mwenyewe, una nyimbo zaidi ya 2,000, na nafasi ya simu ni ndogo, anza na nyota, kwa programu inayoziandika ndani ya faili. Ukiwa na chini ya nyimbo 500, nyota zitakupotezea muda. Orodha 4 au 5 zinatosha, na jioni moja inatosha kuzitengeneza.

Mwenye subira ataziunganisha mwishowe. Tangu iTunes 3 ya mwaka 2002, ambayo ilileta nyota pamoja na orodha zinazojiunda zenyewe kwa kanuni, imewezekana kuiambia kompyuta: nipe rumba, yenye nyota 4 au zaidi, ambayo haijapigwa kwa siku 60. MusicBee hufanya vivyo hivyo. Orodha ya namna hiyo haivimbi kama ile yangu ya Njia ya Kampala, kwa sababu wimbo ukishuka daraja unatoka wenyewe. Lakini kanuni zinategemea maelezo safi. Bendi ya Afrigo, iliyopo tangu 1975, ilikuwa na majina 4 kwenye kompyuta yangu, mengine yakiwa yamebandikwa anwani ya tovuti yalikotoka mafaili, na nyimbo zake za miaka ya 1980 zilionyesha mwaka ambao CD ilinakiliwa. Kanuni ya "nyimbo za kabla ya 1990" ilirudi mikono mitupu. Itakubidi usafishe kwanza kwa programu kama Mp3tag, msanii mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo inachosha kuliko zote nilizozitaja.

Kanuni ninayoitegemea zaidi siku hizi ni ya kukataza. Nina orodha moja ya mada ninayoijaza kwa mkono, iitwayo "Si ya Wageni", na orodha zangu zote za shughuli zinazojiunda kwa nyota zimeagizwa ziache chochote kilichomo humo. Ina nyimbo 61. Ule wa yatima na shamba ndio wa kwanza, na nyota zake 5 sijazigusa.